Barua ya wazi kwa vijana wanaopanda farasi wa mashindano

Wanangu,

Juzi mmoja wenu alinifuata zizini nikiwa nafungua mikanda ya tandiko, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, ile hali inarudishwaje?" Sikumuuliza hali gani. Aliyepanda miaka kadhaa anaijua. Unaingia uwanjani, kelele zinakatika, viunzi vinakujia kimoja kimoja kana kwamba vilikuwa vinakungoja, halafu unashtukia umemaliza na hukumbuki hatamu ulizishikaje. Siku ile nilimjibu ovyo. Jibu langu hasa ni hili, na ninyi wengine lisomeni.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliwahoji wakwea miamba, wacheza sataranji, hata madaktari wapasuaji, kuhusu hali hiyohiyo. Wengi walimwambia walijisikia kama wanabebwa na maji, naye akaiita mkondo. Aligundua kwamba huja pale ugumu wa kazi unapokaribiana na uwezo wa mtu. Kazi ikimzidi anahangaika, ikiwa nyepesi mno anachoka nayo.

Ila mkwea mwamba yuko peke yake. Ninyi mko wawili, na hapo ndipo wengi wenu mnapokosea hesabu. Unaweza kuwa tayari kwa kiunzi cha mita 1.30 huku farasi wako akiwa ndio kwanza ameizoea 1.10. Unamlazimisha, anaruka kwa woga, kisha unalalamika kwamba umepoteza utulivu. Utulivu gani, ikiwa mwenzako anatetemeka chini yako?

Nami nisijifanye mwerevu. Nilikuwa na farasi jike mwekundu, mpole, aliyenipa raundi nyingi safi. Siku moja kabla ya raundi ya mwisho nilitazama ubao wa matokeo, nikaona kwamba nisipoangusha hata gongo moja la kiunzi nashinda. Tangu hapo sikupanda tena, nilihesabu. Nilikuwa nimekwishaupima uwanja kwa miguu, hatua zangu nne kwa hatua yake moja, na mpango nilikuwa nao kichwani. Ulitoka wote. Nikielekea kiunzi cha tatu niliona sikio lake la kushoto limegeuka nyuma, kwangu, likiuliza. Vidole vyangu vilikuwa vimekaza hatamu hadi vimekuwa vyeupe, na pumzi nilikuwa nimeizuia bila kujijua. Alisimama. Mimi ndiye niliyevuka kiunzi, peke yangu.

Nilimlaumu yeye wiki nzima, na aibu hiyo ninayo bado.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambalo ningetamani kulisoma mapema. Watu waliongoza farasi au kuwapanda kutoka upande mmoja hadi mwingine mara nne. Kabla ya safari ya nne wakaambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda vilevile. Farasi hawakuambiwa habari za mwavuli, wanangu. Waliisoma kwa mtu. Sasa ninyi mnaingia uwanjani na miavuli mingapi kichwani: mwenye farasi, mzazi aliyelipia, picha za jioni?

Sisemi tuzo ni mbaya. Utepe wangu wa kwanza ninao hadi leo, umefifia kabisa. Lakini mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyachezea wakati wa mapumziko ilipungua. Yeye na Richard Ryan walikuja kueleza kwamba hamu ya kudumu huhitaji mtu ajichagulie, ajione anaweza, na awe na watu wake. Hilo la kujichagulia nawaambia hasa wazazi mnaosimama uzioni mkipiga kelele. Nyamazeni.

Mkumbukeni pia Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944, ikamwacha bila nguvu chini ya magoti, naye akajifunza kupanda upya. Mwaka 1952 kwenye Olimpiki ya Helsinki, akisaidiwa kupanda na kushuka, alipata medali ya fedha ya miondoko ya farasi, mchezo wa kumwongoza farasi kwa hatua zilizopangwa. Watu husimulia habari hii kwa ajili ya medali. Mimi natazama kule nyuma: alipokuwa anajifunza upya, mashindano hayo ya Olimpiki yalikuwa bado hayajafunguliwa kwa wanawake. Medali hiyo isingeweza kuwa ndiyo iliyomrudisha kwenye tandiko.

Basi msiutafute mkondo. Ukijiuliza katikati ya raundi kama umefika, umekwisha kutoka. Yaliyo mikononi mwenu ni machache: kimo mnachoruka, macho yenu yanatazama wapi baada ya kila kiunzi, na pumzi mnayoitoa kabla ya kengele.

Wewe uliyeniuliza, njoo Jumamosi kabla wenzako hawajafika. Tutavua vikuku vya kukanyagia kwenye tandiko na kupanga magongo matatu chini, mchezo wa mtoto kabisa. Saa usije nayo. Nitakaa uzioni, na ukiona nimefungua mdomo, nikumbushe nilichowaambia wazazi.

Mzee wenu wa zizini