Kikao cha Jumamosi: maandalizi ya joto na magonjwa ya mlipuko

Ndugu wanakikundi, habari za jioni na poleni na kazi.

Kikao chetu kitafanyika Jumamosi saa 10:00 jioni, wala si saa 8:00 mchana kama tulivyopanga awali, pale pale Mwaloni Kirumba chini ya mwembe, kwa kuwa jua la saa nane halifai kuwakalisha wazee na akina mama wenye watoto mgongoni.

1. Mchango ni shilingi 3,000 kwa kila mwanachama, umfikie mhazini kabla ya Ijumaa jioni. Tutanunua ndoo mbili zenye koki, sabuni na pakiti za ORS (chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini). Homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, imewazukia jirani zetu wa Kagera mwaka 2023 na tena 2025, hivyo sioni sababu ya kusubiri mlipuko ndipo tuanze kutafuta ndoo.

2. Tutapanga zamu ili kazi ya kuanika na kugeuza dagaa iishe kabla ya saa 5:00 asubuhi. Mwenzetu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au akianguka juani, apelekwe kivulini, alegezewe nguo, alowanishwe kwa maji na kupepewa huku usafiri wa kwenda hospitali ukitafutwa. Asinyweshwe chochote akiwa hajitambui.

Kila mmoja aje na chupa yake ya maji yaliyochemshwa. (Chai haihesabiwi, mnajijua.)

Tafadhali thibitisheni hapa kwa kuandika "Nitakuja" au "Nina udhuru" kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku.

Katibu