Afisi za Mombasa ziache kuweka draiva za kompyuta kwa mkono

Kwa Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika gazeti lako nichangie kuhusu jambo ambalo wenye afisi wengi hapa Mombasa huliona kuwa dogo, la kuachiwa fundi, ilhali ndilo linalowaweka wateja wao kwenye foleni wakiambiwa kuwa mtambo umekataa. Tangu Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni za uwakala wa forodha, hoteli, shule na zahanati zimekuwa zikibadilisha mifumo endeshi ya kompyuta zao kwa mkururo, na malalamiko ni yale yale: skana haisomi, sauti hamna, skrini ya pili haiwaki, Wi-Fi haionekani. Lawama hutupiwa Windows 11. Mimi ninayeifanya kazi hii nasema kwamba mara nyingi mfumo hauna hatia. Kilichokosekana ni draiva, na zimekosekana kwa sababu tunaziweka kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine, badala ya kupanga zijiweke zenyewe wakati mfumo unapowekwa.

Draiva, kwa asiyeifahamu, ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kukitumia kifaa fulani, kiwe kadi ya mtandao, spika, kamera au printa. Windows huja na draiva nyingi za kawaida, na nyingine huzitafuta yenyewe kupitia Windows Update. Lakini ili izitafute lazima kwanza iwe na mtandao, na ikiwa inayokosekana ni draiva ya kadi ya mtandao yenyewe, fundi hana budi kutoa flashi mfukoni. Kuna baya zaidi ya hilo. Katika vipakatalishi vingi vyenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, diski husimamiwa na teknolojia iitwayo VMD, na programu ya kuweka Windows isipopewa draiva yake huonyesha orodha tupu, kana kwamba kompyuta haina diski kabisa. Wapo walioshauriwa kununua diski mpya kwa sababu hiyo tu.

Hapa kwetu tatizo linakuzwa na namna tunavyonunua. Ukiingia katika afisi ya kawaida kando ya Moi Avenue au kule Mbaraki, ni nadra kukuta kompyuta zote za aina moja. Nyingi zimekwisha kutumika Uingereza au kwingineko, zikanunuliwa tano mwaka huu na tatu mwaka ujao, kulingana na alichokuwa nacho muuzaji siku hiyo, na kila modeli ina draiva zake. Fundi anayezishughulikia kwa mkono hufungua orodha ya vifaa, akakuta pembetatu za manjano, alama ya kifaa chenye hitilafu ya draiva, zimejipanga, kisha akaanza kukisia moja baada ya nyingine. Huo ni mchezo wa pata potea. Asipoipata draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji, huishia kwenye tovuti zinazotangaza programu za kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja, na sijui njia nyepesi kuliko hiyo ya kumkaribisha mwizi wa data katika kompyuta yenye hati za mizigo na akaunti za wateja.

Utaratibu ninaoupendekeza si mgeni kwa wanaosimamia kompyuta nyingi. Kompyuta huwashwa ikiwa imeunganishwa kwa waya wa mtandao, nayo, badala ya kusoma diski yake, huipigia hodi seva ya afisi na kupewa mfumo mdogo wa muda uitwao Windows PE. Mfumo huo huiuliza biosi, programu ya msingi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, ni nani aliyeiunda kompyuta na ni ya modeli gani. Jibu likishapatikana, skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha, huenda kwenye kabrasha la modeli hiyo peke yake, ikachukua draiva zilizomo na kuzipachika ndani ya Windows iliyokwisha kunakiliwa diskini, kwa kutumia zana iitwayo DISM, kabla Windows hiyo haijawashwa hata mara moja. Inapoamka kwa mara ya kwanza, draiva zake zinaingoja. Afisi yenye kompyuta nane haihitaji hata seva, kwani makabrasha hayo hayo na skripti ile ile vinaweza kukaa kwenye flashi moja iliyoandaliwa vizuri.

Nasisitiza kabrasha la kila modeli kwa sababu wapo wanaorundika draiva za dunia nzima mahali pamoja wakitumaini kwamba Windows itajichagulia. Itajichagulia kweli, ila kwa kulinganisha namba ya utambulisho wa kifaa na zilizoandikwa katika faili za INF, yaani maelezo yanayoambatana na kila draiva, kisha kwa kuangalia tarehe na toleo, na si ajabu draiva ya sauti iliyotengenezewa kipakatalishi kingine ikashinda kwa sababu tu ni mpya zaidi. Kuna mtego mwingine unaowasumbua wanaoanza. Dell hujitaja kwa jina lake la dukani, mathalani Latitude 5490, lakini Lenovo hujibu kwa msimbo: ThinkPad T480 itasema 20L5 au 20L6 ikifuatiwa na herufi nyingine kadhaa, na jina tunalolijua sisi limehifadhiwa penye nafasi ya toleo. Skripti isiyojua hivyo itatafuta kabrasha ambalo halipo, na Windows itawekwa bila draiva, bila kulalamika.

Nimewahi kuambiwa kwamba mambo haya ni ya kampuni kubwa zenye bajeti. Sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo. DISM imo ndani ya Windows, na Dell, HP na Lenovo hutoa bila malipo vifurushi vya draiva kwa modeli zao za kiafisi. Kifurushi kimoja mara nyingi huzidi gigabaiti moja, kwa hivyo afisi inayokipakua mara moja na kukihifadhi kwake inaokoa bando kuliko ile inayoziacha kompyuta 20 zipakue kila moja kivyake asubuhi ya Jumatatu, wakati makarani wanahangaika kufungua mfumo wa forodha.

Baada ya kompyuta kukabidhiwa, draiva zitahitaji kusasishwa, na hapo ndipo nataka wenye pupa wanisikilize. Kufanya kazi ijiendeshe hakumaanishi kusambaza kila toleo jipya siku linapotoka. Mnamo Julai 19, 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili yenye kasoro kwa programu yake ya usalama, ambayo draiva yake hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha Windows, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilianguka. Ile haikuwa draiva mpya bali data iliyosomwa na draiva, lakini funzo kwa msimamizi ni lile lile: toleo jipya lianze kwenye kompyuta chache za watu wanaoweza kustahimili usumbufu, likae siku kadhaa, ndipo lifike kwa wengine. Wahasibu msiwaanze mwisho wa mwezi.

Biosi nayo isichukuliwe kwa wepesi, maana zana za watengenezaji huileta pamoja na draiva kana kwamba ni kitu kimoja. Stima ikikatika katikati ya kazi hiyo, na hapa hukatika, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba inaweza isiwake tena. Vilevile, BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo wa siri, isiposimamishwa kwanza, kompyuta inaweza kuamka ikidai ufunguo wa tarakimu 48, na afisi nyingi hazijui ufunguo huo umehifadhiwa wapi. Draiva ziende zenyewe. Biosi iende kwa ratiba, mchana, fundi akiwepo.

Printa ndiyo iliyobaki, na kwa mawakala wa forodha printa ni nusu ya kazi. Tangu Agosti 2021, kufuatia udhaifu wa kiusalama katika huduma ya uchapishaji ya Windows uliopewa jina la PrintNightmare, Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuweka draiva ya printa bila idhini ya msimamizi. Baadhi ya afisi zimelitatua hilo kwa kumpa kila karani mamlaka ya msimamizi, jambo ambalo ni hatari kuliko tatizo lenyewe. Draiva za printa ziingizwe katika utaratibu ule ule wa kuweka mfumo, na karani hatahitaji mamlaka hayo.

Ombi langu kwa wanaosimamia ununuzi, serikalini na katika kampuni binafsi, ni kwamba kabla ya kulipia kompyuta zozote, zilizotumika au mpya, muulize modeli kamili na mhakikishe kuwa mtengenezaji wake anatoa kifurushi cha draiva za Windows 11 kwa modeli hiyo. Kwa jumla Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na bado kuna wauzaji wanaopitisha mashine za kizazi cha 6 na 7 kwa kukwepa masharti hayo wakati wa kuuweka mfumo. Kifurushi kikikosekana, msinunue, hata bei iwe ndogo vipi. Na mkiweza, hati ya zabuni itaje modeli mbili tu kwa mwaka mzima, moja ya mezani na moja ya kubeba.

Wako,
Fundi wa Tehama,
Tudor, Mombasa.