Kwa nini bwawa hupunguzwa maji kabla ya mvua

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na swali lako limenikaa moyoni: kwa nini waendeshaji wa bwawa hufungua milango mvua kubwa ikiwa bado haijafika, hata watu wa bondeni wakaona mto unapanda jua likiwaka?

Bwawa lililojaa hadi juu halina uwezo mkubwa wa kuzuia mafuriko, kwa kuwa karibu maji yote yanayoingia hayana budi kutoka. Kinachowakinga watu wa chini ni ile nafasi iliyoachwa tupu kwa makusudi, ili mto ukileta, tuseme, mita za ujazo 3,000 kwa sekunde, ziachiwe 1,000 tu, na yaliyosalia yahifadhiwe na kutolewa polepole kwa siku kadhaa. Maji hayapungui; kinachoshuka ni kilele chake, na kilele ndicho kinachobomoa nyumba.

Hesabu ya saa ndiyo ngumu zaidi. Mto mdogo unaoungana na mto mkuu chini ya bwawa hauzuiliki, kwa hiyo mwendeshaji hodari hubana milango hadi kilele cha mto huo kipite, asije akavikutanisha vilele viwili mahali pamoja. Lakini hawezi kubana bila kikomo: ukuta wa udongo ukipitiwa na maji juu yake huweza kumomonyoka na kuvunjika, na hapo msiba huwa mkubwa kuliko mafuriko yenyewe.

Tena maji hayohayo hutakiwa kwa umeme, kilimo na kunywa, na kila anayeyahitaji hutamani ziwa lijae. Bwawa la Wivenhoe nchini Australia, lililokamilika mwaka 1984 baada ya mafuriko makubwa ya 1974, lilipewa kazi zote mbili, kuweka maji ya mji wa Brisbane na kuukinga. Mji huo ulipofurika tena Januari 2011, ubishi kuhusu wakati ambao maji yalipaswa kuachiwa ulifika mahakamani. Mimi naona ni haki watu kuuliza, ingawa anayeamua usiku kwa kutegemea utabiri hana uhakika tulio nao sisi baadaye.

Ninalosisitiza ni taarifa. Milango isifunguliwe kabla watu wa kingoni hawajaambiwa ni maji kiasi gani yanakuja, na yatawafikia saa ngapi.

Wako katika urafiki,
Rafiki yako