Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: wazee wa jamii za asili wasisubirishwe hadi miaka 65

Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,

Pokea salamu zangu za heshima.

Mei 2023 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio kuhusu afya ya jamii za asili, likaitaka ofisi yako iandae mpango wa kimataifa wa utekelezaji. Nakuandikia kuwaombea wazee wa jamii hizo, kwa sababu wanaweza kusahaulika hata ndani ya mpango uliokusudiwa watu wao.

Kinachowaacha nje kwanza ni umri. Umoja wa Mataifa kwa kawaida humhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60, na tafiti nyingi huanzia 65. Lakini pale ambapo kisukari, maradhi ya figo na ya moyo huwapata watu mapema, mwenye miaka 52 tayari amechoka kizee, na wengi wa rika lake wameshazikwa. Mtafiti anayeanzia 65 huwakuta waliosalia tu, kisha huandika kwamba wazee wa jamii hiyo ni wachache na wana afya ya kuridhisha. Sera hufuata maandishi hayo, na bajeti hufuata sera. Australia imeliona hili: Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait wanaweza kuomba huduma za wazee wakiwa na miaka 50, ilhali wengine husubiri 65. Mpango wako uzishauri nchi zote zifanye vivyo hivyo.

Hata akihesabiwa, bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu, akipimwa kumbukumbu, huambiwa achore saa, tena kwa lugha isiyo yake, halafu anaandikiwa kuwa na ugonjwa wa kusahau. Huko Kimberley, Australia Magharibi, kilitengenezwa kipimo cha kumbukumbu na fikra kinachowafaa wenyeji, kiitwacho KICA, na Kanada ikakirekebisha kwa ajili ya jamii zake. Kazi kama hiyo inastahili fedha.

Tena, Mheshimiwa, wakikataa kupimwa tusiwaite wakaidi. Wahavasupai, jamii ya asili ya Arizona, Marekani, walitoa damu wakiamini ni ya utafiti wa kisukari. Ikatumika pia kuchunguza ugonjwa wa akili wa skizofrenia na asili ya kabila lao. Shauri walilofungua mahakamani lilimalizika 2010 kwa fidia na kurudishiwa sampuli zao. Wazee wawepo swali la utafiti linapotungwa, na wao ndio waamue data yao itunzwe na nani.

Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Kuzeeka kwa Afya unaisha 2030. Naomba ripoti zake zilizobaki zitenge takwimu za jamii za asili, kuanzia miaka 50.

Wako mtiifu,
Mtetezi wa haki za wazee