Kikao cha Jumamosi: maua na ukingo wa mto Sa Dec

Habari zenu wapendwa. Jumamosi saa 10 jioni tutajadili mji wa Sa Dec, Vietnam, kwenye delta ya Mekong. Pale Tan Quy Dong, kijiji cha wakulima wa maua mjini humo, vyungu vya maua hupangwa juu ya vichanja, maji yakitanda chini, na mkulima hupita katikati ya safu kwa mtumbwi akihudumia mimea yake. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kuanzia kuuchora upya ukingo wa mto mjini: vijia vya mbao vilivyoinuliwa, maji yaachiwe nafasi ya kupanda na kushuka, si ukuta wa zege. Na tafadhali tusiwasahau wakulima wenyewe. Wanahitaji gati la kuuzia, hasa kabla ya Tet, yaani mwaka mpya wa Kivietinamu, msimu wao mkubwa. Kila mtu aje na mchoro, hata wa penseli. Usiyeweza kufika, utume humu Ijumaa.