Shukrani kwa kijana wa njia ya Irente

Kwa kijana uliyejitwika mzigo wa majani ya ng'ombe Jumamosi ile, njia ya Lushoto mjini kwenda Irente, kwenye mwamba wa kutazamia mandhari milimani Usambara: asante sana. Jina hukutuachia. Jua la kiangazi lilikuwa kali, raba ya mama mkubwa imeachama soli yote ya mbele, na yeye ameshaanza kusema turudi. Ukamwamkia, ukatua mzigo, ukachomoa kamba ya mgomba uliyofungia majani, ukaizungushia raba na kukaza fundo juu ya kisigino. Majani yako yakabaki yametawanyika njiani. Pesa ya soda ukaikataa katakata. Ukacheka tu na kutuonyesha njia ya mkato.

Mama mkubwa alifika. Aliketi mwambani (mbali na ukingo, kwa maombi yangu) akaiona Mazinde na mashamba ya mkonge chini kabisa, na nyika ya Wamasai ikipotelea kwenye ukungu wa joto. Miaka yote amekuwa akipita huko chini kwa basi la Arusha, milima hii anaitazama dirishani.

Kamba ilishika hadi stendi. Mama mkubwa anakusalimu sana na anakuombea dua. Soda yako bado ipo.