Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasanifu wa Mifumo

Ndugu wanachama,

Vikao vinne vya robo mwaka vimefanyika, warsha mbili pia, na maktaba ya michoro imehuishwa. Hayo mnayajua.

Nataka nilieleze hili la kamati kukataa mapendekezo ya usanifu yanayoambatanishwa na jedwali la SWOT pekee, yaani masanduku manne: nguvu na udhaifu wa ndani, fursa na tishio la nje. Wapo waliolalamika kwamba tunawabana. Uamuzi huo niliusimamia mimi, na sioni sababu ya kuurudisha nyuma.

Chukueni hifadhidata ya zamani ambayo muuzaji ametangaza kuacha kuihudumia, huku mifumo 14 ya kompyuta ikisoma moja kwa moja kwenye majedwali yake. Tunacholetewa ni "mfumo chakavu" chini ya udhaifu na "kuhamia kwenye wingu" (seva za kukodi mtandaoni) chini ya fursa. Muuzaji kujitoa ni tishio, maana linatoka nje. Udhaifu wa ndani ni hiyo mifumo 14 iliyofungwa kwenye majedwali. Kuhamia kwenye wingu nako si fursa, ni uamuzi. Aliyeuandika pale ameshajibu kabla ya kuchambua. Basi hununuliwa hifadhidata mpya, na siku ya kuhama mifumo yote 14 huzima kwa mpigo.

Ndiyo maana tunataka kila hoja iwe na ushahidi: kumbukumbu za hitilafu, mkataba, au ramani ya miunganisho. Hoja zisizidi tano kwa kila sanduku. Kisha zikutanishwe, udhaifu na tishio, nguvu na fursa, kama mtaalamu wa usimamizi Heinz Weihrich alivyopendekeza mwaka 1982, na kila mkutano wa hoja utoe hatua yenye mhusika na mpangilio. Katika mfano wetu, kwanza hujengwa kiolesura mbele ya hifadhidata, yaani tabaka la kati ambalo mifumo huliomba data badala ya kugusa majedwali yenyewe, kisha mifumo huhamishiwa hapo mmoja mmoja, na hifadhidata hubadilishwa mwisho. Mpangilio huo hauonekani kwenye masanduku manne hata uyakodolee macho siku nzima.

Inaniuma kwamba waliopinga zaidi hawakufika kwenye kikao kilichojadili jambo hili. Kati ya wanachama 52 walihudhuria 17, na akidi ilipatikana baada ya kusubiriana saa nzima. Ada wamelipa 21 tu.

Mwakani tunatarajia kutoa mwongozo mfupi, na pengine mafunzo kwa wasanifu wapya, fedha zikiruhusu. Mhazini bado anapokea ada za mwaka huu.

Nawasilisha.

Mwenyekiti